Polisakaridi zenye seleniamu: maswali na majibu

Ni kitu gani hasa?
Polisakaridi ni minyororo mirefu ya sukari, kama ile iliyomo kwenye wanga, uyoga na mwani. Seleniamu ni madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo mno: kwa mtu mzima, mikrogramu 55 hivi kwa siku. Viwili hivyo vikishikamana, ndiyo polisakaridi yenye seleniamu.

Hutengenezwaje?
Uyoga au hamira ikikuzwa penye seleniamu nyingi, huinyonya yenyewe. Maabarani nako polisakaridi huchanganywa na seleniti ya sodiamu, yaani chumvi yenye seleniamu, ndani ya asidi ya nitriki. Hapo ndipo penye kazi: asidi ikizidi, minyororo hukatika; na seleniti iliyobaki bila kushikamana lazima isafishwe yote, kwani ni sumu hata kwa kiasi kidogo. Nchini China, karajini, polisakaridi ya mwani, ikitiwa seleniamu inaruhusiwa kuongezwa kwenye baadhi ya vyakula.

Mwili huifanyia nini seleniamu?
Huitumia kujenga vimeng'enya vinavyozuia chembe haribifu zisishambulie seli, na vile vinavyoamsha homoni ya tezi ya thairoidi. Huko Keshan, China, ambako udongo una seleniamu haba mno, watoto na wanawake waliugua misuli ya moyo, na wengi walikufa. Kuwapa watu seleniamu kulipunguza sana ugonjwa huo.

Je, inatibu saratani?
Hapana, usidanganywe. Matokeo mazuri ya polisakaridi hizi yametoka zaidi kwa panya na seli za maabara. Hata seleniamu ya aina nyingine, mikrogramu 200 kwa siku, ilipojaribiwa kwa maelfu ya wanaume katika utafiti mkubwa uitwao SELECT, haikuzuia saratani ya tezi dume. Washiriki waliachishwa vidonge hivyo mwaka 2008.

Nikizidisha?
Nywele hunyonyoka, kucha hukatika, pumzi hunuka kama kitunguu saumu. Mwaka 2023 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya waliweka ukomo wa mikrogramu 255 kwa siku kwa mtu mzima, chakula na vidonge vikijumlishwa. Kati ya kinachotosha na kinachodhuru hapana nafasi kubwa.

Niangalie nini kwenye lebo?
Mikrogramu za seleniamu yenyewe. Chupa inayotaja miligramu za polisakaridi tu haijakueleza unameza seleniamu kiasi gani, iache. Kama tayari unatumia vidonge vya vitamini na madini, soma na lebo yake, kwa kuwa mara nyingi navyo vina seleniamu.