Vichocheo vya mishipa ya fahamu na unene: yanayodhaniwa na yaliyothibitika

Wengi hudhani kwamba vichocheo vya ukuaji wa mishipa ya fahamu ni habari za ubongo tu, zisizohusiana na kiuno wala sukari ya mtu. Jina ndilo linalopotosha. Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen, waliotunukiwa Nobel mwaka 1986, waliitambua protini ya kwanza ya jamii hii, NGF, walipochunguza jinsi mishipa hiyo inavyochipua. Baadaye ikabainika kwamba tishu za mafuta nazo huitengeneza, sawa na zile seli za kongosho zinazotoa insulini.

Dhana inayoumiza zaidi ni kwamba kila mnene ni mlafi aliyeshindwa kujizuia. Protini nyingine, BDNF, hufanya kazi katika haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoratibu njaa na shibe, na inapopungua huko, mwili huchelewa kuridhika. Panya waliobakiwa na nakala moja tu ya jeni yake hula kupita kiasi na kunenepa. Kwa binadamu, ushahidi ulio wazi kuliko wote umetoka kwa wenye WAGR, ugonjwa adimu wa kuzaliwa unaotokana na kukatika kwa kipande cha kromosomu ya 11. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wagonjwa wote ambao kipande hicho kiliondoka na jeni ya BDNF walikuwa na unene uliokithiri kufikia umri wa miaka 10, ilhali miongoni mwa waliosalia na jeni hiyo ni asilimia 20 tu. Sioni namna ya kumlaumu mtoto wa aina hiyo kwa wingi wa chakula sahanini mwake. Hata hivyo, wanene walio wengi hawana kasoro hii.

Wapo pia wanaoamini kwamba kipimo cha damu kitafichua upungufu huo. BDNF nyingi ya damuni huhifadhiwa katika chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa hiyo kiwango chake hakisemi mengi kuhusu haipothalamasi.

Na sindano je? Dawa iliyotokana na CNTF, kichocheo kilichowapunguza uzito wagonjwa waliojaribiwa nacho kwa maradhi mengine, ilifikishwa kwenye majaribio makubwa ya unene. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba uzito ulipungua kidogo tu, na miili ya zaidi ya nusu ya watumiaji ilitengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe.