Mswada ni karatasi iliyotiwa weusi

Safari hii neno mswada nimelisikia kwa kijana mwenye kipaji cha kweli, aliyekuwa ndio kwanza ameandika sentensi ya mwisho ya riwaya yake. "Mswada umekamilika," akasema, "na sijafuta hata neno. Kilichobaki ni jalada." Nilimpongeza kwa moyo wote, maana kuifikisha riwaya mwisho ni kazi ya miezi mingi na wengi huishia sura ya tano. Lakini neno lile limenikaa kooni tangu siku hiyo, na si yeye wa kwanza kulitumia hivyo.

Mswada ni andiko la kitabu kabla ya kuchapishwa, likiwa bado liko wazi kubadilishwa. Basi. Ninachogombea ni nusu ya pili ya maana hiyo, ambayo watu huiacha njiani.

Neno limetoka Kiarabu, musawwada. Mzizi wake ni sini, wau na dali, mzizi wa weusi. Ndio uliomo katika Hajar al-Aswad, Jiwe Jeusi la Makka, na ndio uliomo katika jina la Sudani. Musawwada ni iliyotiwa weusi: karatasi iliyojaa wino kwa sababu mwandishi ameandika, akakata, akaandika juu ya alipokata, akaongeza mstari pembeni, kisha akaukata na huo pia. Waarabu walikuwa na jina jingine kwa nakala iliyofuata, ile iliyoandikwa upya baada ya vurugu hizo kutulia. Waliiita mubayyada, iliyotiwa weupe, kutoka mzizi ule ule wa Darulbaidha, Nyumba Nyeupe, mji wa Moroko ambao wengi wanaujua kwa jina la Casablanca. Kazi ilikuwa na hatua mbili, na kila hatua ilikuwa na rangi yake.

Sisi tulipokea jina la nyeusi, la nyeupe likabaki ng'ambo. Naamini ndipo tulipopotelea, kwani neno moja limebeba mizigo miwili. Tena ile mu- ya Kiarabu ilisikika kama kiambishi chetu wenyewe, tukapata mswada na miswada, kama tulivyopata msahafu na misahafu. Neno likawa mwenyeji, na mwenyeji haulizwi ametoka wapi.

Kuna na kosa la pili, hili la watafsiri. Lugha za Ulaya zina neno lao (kwa Kiingereza, manuscript) lililoundwa kwa Kilatini, lenye maana ya kilichoandikwa kwa mkono, na kila wanapokutana nalo huandika mswada. Ndiyo maana tenzi za zamani za Lamu na Pate, zilizonakiliwa kwa hati ya Kiarabu na mkono mtulivu, huitwa miswada ya kale. Nyingi ya hizo si miswada hata kidogo. Ni nakala safi, na mnakili alijitahidi asitie doa. Zikiitwa hati za kale inatosha. Neno la Kilatini linautazama mkono, letu linaitazama hali ya karatasi, na kwa mtunzi wa riwaya tofauti hiyo ndiyo kazi yake nzima.

Linaloniuma zaidi ni kwamba maana hii tunaijua vizuri mahali pengine. Muswada wa sheria unapofika bungeni, hakuna anayedhani ni sheria tayari. Tunajua utasomwa, utajadiliwa, vifungu vitakatwa na vingine vitaongezwa, na mwisho wake huenda usifanane na ulivyoingia. Neno ni hilo hilo. Kwa nini likifika kwenye riwaya tulitake liwe na maana ya kitu kisichoguswa?

Sehemu ya lawama naiweka kwenye kompyuta. Anayefuta kwa kalamu huacha kovu, naye hulitazama kila anapopita. Anayefuta kwenye skrini hupewa ukurasa mweupe kila asubuhi, umepangwa kama kitabu, na macho humdanganya kwamba kazi imetulia. Hapo ndipo mama aliyezikwa sura ya nne anakuja kupokea wageni sura ya kumi na tisa, na mwandishi haoni. Chapa kurasa zile, acha nafasi mbili kati ya mistari (nafasi hiyo iliwekwa ili kalamu ipate pa kukaa, si pambo), zisome kwa sauti, utaona weusi unavyokuja wenyewe. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alisema katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1958 kwamba ukurasa wa mwisho wa riwaya yake A Farewell to Arms aliuandika upya mara 39 kabla hajaridhika.

Rasimu ni neno jingine, nalo linafaa sana. Limetoka kwenye rasm, kuchora mistari, na ni ndugu wa rasmi, ingawa ndugu hawa hawafanani tabia. Kwa rasimu tunahesabu mizunguko: ya kwanza, ya pili, ya tano. Mswada ni kazi yenyewe inayopita katika mizunguko hiyo na kuchafuka. Wachapishaji huziita mswada hata kurasa safi tunazowapelekea, na wako sawa, kwa sababu kwao zinakwenda kukutana na kalamu nyingine, ya mhariri. Neno mhariri, kwa njia, lina mzizi mmoja na uhuru.

Nikimwona tena yule kijana sitamwambia amekosea kuandika, maana hakukosea. Nitamwambia amemaliza rasimu ya kwanza, na aliseme hilo kwa fahari. Aiweke kando wiki kadhaa, kisha aichape na kukaa nayo na kalamu. Mchapishaji akimuuliza ana nini mkononi, ajibu tu: "Nina rasimu ya kwanza. Mswada nitauleta."