Tao Lenye Ncha Halithibitishi Umri wa Jumba

"Hapa ndipo masista walipokuwa wakisali?" Wageni ninaowatembeza Lacock Abbey, kule Wiltshire, Uingereza, huniuliza hivyo wakiwa katikati ya ukumbi mkubwa, macho darini. Hapana. Hakuna sista aliyewahi kukanyaga ukumbi huo. Abasia, yaani nyumba ya watawa, ilianzishwa mwaka 1232 na masista wa mwisho waliondoka mwaka 1539, Mfalme Henry VIII alipokuwa akizifunga nyumba za watawa. Ukumbi ulijengwa kati ya 1754 na 1755. Wakati huo abasia ilikuwa imeshageuzwa jumba la makazi; aliyeuagiza ni mwenye jumba, John Ivory Talbot, na mchoro ni wa Sanderson Miller, bwana mwenye mashamba yake aliyefanya usanifu kwa mapenzi tu.

Dhana inayonichosha kuliko zote ndiyo hii: ukiona tao lenye ncha, basi ni Zama za Kati. Si kweli hata kidogo. Katika karne ya 18 matajiri wa Uingereza waliupenda upya mtindo wa Kigothi, ule wa Zama za Kati wenye matao ya ncha, na kuuongeza kwenye majumba yao. Kule Strawberry Hill, jumba ambalo mwandishi Horace Walpole alianza kulibadilisha mwaka 1749, dari ya ukumbi mrefu imefinyangwa kwa karatasi iliyorojwa, kuigiza dari ya mawe ya kikanisa cha Henry VII ndani ya Westminster Abbey. Karatasi! Na wageni husimama chini yake wakisifu mawe.

Kwa hiyo acha kuuliza tao lina umbo gani. Uliza limebeba nini. Lacock panafaa sana kwa somo hili kwa sababu kazi za zama zote mbili ziko katika jumba moja. Anza na varanda ya watawa inayozunguka ua wa ndani. Dari yake, kazi ya karne ya 15, ni ya mawe. Chagua ubavu mmoja wa jiwe uufuate kwa macho: unachipuka ukutani, unapinda, unakutana na wenzake juu, na zinapokutana pamefungwa kwa jiwe lililochongwa umbo la mnyama au mtu. Uzito wote unateremka kwa njia hiyo hiyo hadi kwenye nguzo na kuta nene. Sasa panda ukumbini. Dari ni ya plasta, imechorwa ngao za marafiki wa Talbot. Haibebi chochote, yenyewe ndiyo iliyobebwa. Sanamu zilizomo kwenye zidaka, vile vishimo vya ukutani, ni za udongo wa kuchoma, kazi ya Victor Alexander Sederbach. Ukitoka nje unakuta mlango katikati, ngazi zikiupandia kutoka pande mbili, madirisha yamelingana kulia na kushoto. Ulinganifu wa namna hiyo ni fikra ya karne ya 18 iliyovishwa kanzu ya Kigothi.

Ndiyo maana nasisitiza kila mara: zunguka jumba lote kwa nje kabla hujaingia. Mbele hupambwa kwa ajili ya wageni. Ubavuni na nyuma ndiko unakoona karne moja ilipoishia na nyingine ilipoanzia.

Wengine husema Henry VIII aliibomoa abasia. Aliifunga, ikauzwa. Mwaka 1540 William Sharington aliinunua kwa pauni 783, akabomoa kanisa, akaibakiza varanda na vyumba vya chini, akafanya makazi ghorofani na kuongeza mnara wa pembe nane.

Wapo pia wanaotaka nyongeza za Kigothi ziondolewe kwa kuwa "zimeharibu" jumba. Hili huniudhi, hasa likitoka kwa wasanifu. Ukumbi wa Miller una umri wa miaka 270 hivi. Ukianza kuondoa kila kilichoongezwa, mnara wa Sharington nao uende. Jumba linalindwa kisheria katika daraja la juu kabisa, nyongeza zikiwemo.

Na lile dirisha la kwenye picha maarufu si la watawa. Ni moja kati ya madirisha matatu yaliyochomoza upande wa kusini, yaliyowekwa na William Henry Fox Talbot, mwenye jumba wa baadaye na mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, karibu na mwaka 1830. Agosti 1835 alilipiga picha, na negativu yake (picha ambayo mwanga na giza vimegeuzwa), ndogo kama stempu, ndiyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani. Aliandika kando yake kwamba ilipokuwa mpya, vioo vidogo vya dirisha hilo, kama 200 hivi, viliweza kuhesabika kwa msaada wa lenzi.