"Mwanamke haruhusiwi shifti ya usiku": nani kasema?

Kuna maneno yanazunguka makazini mpaka watu wanayachukulia kama sheria, na mengine yanatoka kwa watu wa HR wenyewe. Hapa naongelea Tanzania Bara, Zanzibar wana sheria yao.

La kwanza ni hilo la usiku, eti mwanamke haruhusiwi kabisa. Hakuna kitu kama hicho jamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na inachokataza ni kumpangia usiku mjamzito aliyebakiza miezi 2 kujifungua na mama ambaye hajafikisha miezi 2 toka ajifungue, pamoja na aliye chini ya miaka 18 na mwenye cheti cha daktari kuwa hafai kazi ya usiku, basi. Mimba ikikusumbua mapema zaidi unapeleka cheti cha daktari unatolewa usiku, na hiyo miezi 2 ya baada ya kujifungua ikiisha lakini wewe au mtoto bado hamjakaa sawa, cheti tena. Sasa bosi anayetoa wanawake wote kwenye shifti "kwa usalama wao" mwangalieni vizuri, maana kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua 5% ya mshahara wa msingi, yaani mnalindwa huku hela inaondoka. Kama wasiwasi ni njia, si aweke gari la kurudisha watu?

Lingine: mjamzito anayeshika dawa za kupulizia maua au kemikali kiwandani, "aende tu nyumbani asubiri kujifungua", bila mshahara. Hapana. Mwajiri hatakiwi kumuweka mjamzito wala anayenyonyesha kwenye kazi inayoweza kumdhuru yeye au mtoto, hapo sawa, ila anatakiwa ampe kazi nyingine inayofaa kama inawezekana, na masharti yasiwe mabaya kuliko ya mwanzo. Hapo kwenye "kama inawezekana" ndo kichaka wanachojifichia wengi, kiwanda kizima kina ofisi, stoo, geti, alafu unaambiwa hakuna pa kukuweka! Na kumfukuza kwa sababu ya mimba ndo kabisa, sheria inahesabu hiyo sio haki moja kwa moja.

Kunyonyesha nako, wengi wanajua ule muda wa lunchi ndo huo huo. Sio kweli, ni ndani ya saa za kazi, mpaka saa 2 kwa siku. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni 100, na toa taarifa walau miezi 3 kabla pamoja na cheti cha daktari, msije mkaanza kulumbana tumbo likiwa limefika.

Na dada wa kazi wa nyumbani anaingia humu humu, sheria hii imewaacha nje wanajeshi, polisi, magereza na jeshi la kujenga taifa, dada wa nyumbani hayumo kwenye hiyo orodha. Hata aliye kwenye intavyuu bado hajaajiriwa, akikataliwa kwa sababu ana mimba huo ni ubaguzi.

Ukiachishwa kazi kienyeji, CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi) unatakiwa uwe umepeleka malalamiko ndani ya siku 30, migogoro mingine siku 60. Watu wanakaa wanasubiri bosi apoe, siku zinaisha.