Loki Chini ya Maegesho: Jinsi Mfereji wa Thames na Severn Ulivyokauka

Katika kaunti ya Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza, kuna baa ya kale iitwayo Daneway Inn, kwenye bonde lenye misitu chini ya kijiji cha Sapperton. Anayeegesha gari lake pale huwa ameliegesha juu ya loki, yaani chumba cha kupandishia na kuteremshia vyombo mferejini. Chumba kile cha mawe kilifukiwa na kusawazishwa, na mgeni asiyeambiwa hawezi kujua kwamba hapo ndipo matishari yalipomaliza kupanda mlima. Ilikuwa loki ya 28 kutoka mji wa Stroud, ya juu kuliko zote upande wa magharibi wa mfereji uliounganisha mito ya Thames na Severn.

Wengi husema mfereji huu uliuawa na reli. Reli ilichangia, tena sana. Lakini sisi tunaoshughulika na uhandisi wa maji tunaona ugonjwa mkongwe zaidi, ulioanza miongo kadhaa kabla ya treni ya kwanza kupita bonde lile. Loki zilidai maji ambayo kilele cha mfereji, yaani kipande chake cha juu kabisa, hakikuweza kuyatunza.

Tuanze na loki yenyewe. Mto unaweza kuteremka mlima. Mfereji hauwezi, kwa sababu maji yake yanatakiwa kutulia ili chombo kiende kokote kinakotaka. Kwa hiyo penye mwinuko mfereji hukatwa vipande vilivyolala bapa, kila kimoja juu kidogo ya mwenzake, na baina yake hujengwa loki: chumba chenye kuta za mawe ubavuni, na milango upande wa juu na wa chini. Tishari linalopanda huingia kwa mlango wa chini, ambao hufungwa nyuma yake. Kisha hufunguliwa vilango vidogo vya upande wa juu, maji yakamiminika ndani, nalo tishari likanyanyuka taratibu mpaka likalingana na maji ya mbele. Mlango wa juu hufunguliwa, safari ikaendelea.

Humo hamna injini wala pampu. Hata kufunga milango ni kazi ya maji. Mabawa mawili ya mlango hayakutani kwa mstari ulionyooka. Hukutana kwa pembe iliyoyatazama maji ya upande wa juu, hivyo maji yakizidi kusukuma, milango huzidi kubanana. Viwango vikiwa havijalingana, hata wanaume kumi hawawezi kuufungua. Kwa maoni yangu huu ni mmoja wa ubunifu safi kuliko yote katika fani yetu, na hauna kitu ndani yake ambacho fundi seremala na fundi mwashi hawawezi kukitengeneza.

Sasa tupige hesabu. Loki za kutoka Brimscombe, kijiji kilicho kati ya Stroud na Daneway, hadi kileleni zilijengwa kwa kipimo cha matishari ya mto Thames: urefu wa karibu mita 28 na upana wa karibu mita 3.9. Mpando wa loki 28 kutoka Stroud ni kama mita 73, yaani wastani wa mita 2.6 kwa kila loki. Ukizidisha unapata takriban mita za ujazo 280, au lita 280,000, kila chumba kinapojazwa. Na maji hayo hutoka juu tu. Loki za chini hupokezana yaleyale yanayoshuka, lakini ile ya juu kabisa haina pa kuyachota ila kwenye kilele chenyewe. Tishari likivuka mlima hutumia chumba kimoja cha maji likipanda na kingine likishuka upande wa pili, zaidi ya lita nusu milioni kwa safari moja, ambazo hazirudi tena.

Kilele chenyewe kilikuwa kipande cha mfereji chenye urefu wa kilomita 13 hivi, kwenye mwinuko wa karibu mita 110 kutoka usawa wa bahari. Ndani yake limo handaki la Sapperton lenye mita 3,490, lililoanza kuchimbwa mwaka 1784. Mfalme George III alikwenda kulitazama mwaka 1788, na mwaka uliofuata mfereji mzima ukafunguliwa. Wakati huo halikuwapo handaki la mfereji refu kuliko hilo Uingereza nzima. Halikuwa na njia ya farasi. Farasi waliovuta matishari walifunguliwa wakapitishwa juu ya mlima, huku mabaharia wakilala chali na kusukuma kuta kwa miguu, hatua kwa hatua gizani, hadi mwanga wa upande wa pili.

Kilele kile kilikatwa ndani ya mawe ya chokaa yaliyojaa nyufa. Wahandisi walijua hivyo, wakatandika sakafuni na ubavuni udongo wa mfinyanzi uliokandwa kwa maji mpaka ukaiva, dawa ambayo imefaa kwenye mifereji mingi. Hapa haikufaa. Majira ya baridi, mvua ikiwa nyingi, chemchemi za chini ya ardhi zilipanda na kuusukuma udongo ule kutoka chini mpaka ukapasuka. Kiangazi maji ya ardhini yaliposhuka, maji ya mfereji yalivuja kupitia matundu yaleyale. Lilikuwa kama kujaza mtungi uliotoboka kitako: shida si uchache wa maji unayomimina.

Wenye kampuni walihangaika. Karibu na chimbuko la Thames, mahali paitwapo Thames Head, walichimba kisima na kuweka pampu ya upepo, na ilipozidiwa wakaleta injini ya mvuke ya kampuni ya Boulton na Watt mapema miaka ya 1790. Mwaka 1854 ikawekwa nyingine yenye nguvu zaidi. Pia loki nyingi zilifupishwa kwa kujengewa ukuta mpya upande wa juu, zikabaki na mita 21 hivi. Ukirudia hesabu ya hapo juu utaona kwamba hilo peke yake liliokoa karibu robo ya maji kwa kila mpando. Lakini tishari refu la Thames halikuweza kupita tena.

Reli kutoka Swindon hadi Gloucester ilipofunguliwa mwaka 1845, kwa kupenya mlima uleule, mfereji haukuwa na afya ya kushindana. Mwaka 1882 kampuni ya reli ya Great Western ilipata hisa za kutosha kuutawala, na kufikia 1893 ikaufunga upande wa mashariki. Baraza la kaunti liliuchukua mwaka 1901, likaziba na kukarabati, vyombo vikapita tena mwaka 1904, lakini uvujaji ukarudi. Chombo cha mwisho kuvuka kilele kilipita mwaka 1911. Sehemu kubwa ikaachwa rasmi mwaka 1927, na iliyobaki hadi Stroud mwaka 1933.

Msomaji wa pwani yetu anaweza kuuliza: mbona Mfereji wa Suez hausumbuki hivi? Kwa sababu hauna loki hata moja. Unaunganisha bahari na bahari, na viwango vyake vinakaribiana. Panama ndiyo inayofanana na Sapperton. Meli hupandishwa kwa loki hadi ziwa la Gatun, na kila meli huondoka na maji ya ziwa hilo. Ukame wa mwaka 2023 ulipolishusha ziwa, wasimamizi walilazimika kupunguza idadi ya meli zinazopita kwa siku, na shehena za dunia nzima zikachelewa. Loki mpya za huko, zilizofunguliwa mwaka 2016, zina mabwawa ya pembeni yanayohifadhi asilimia 60 ya maji ili yatumike tena. Hata hivyo uhaba uliwafika.

Ukitembea leo kwenye njia ya zamani ya farasi chini ya Daneway, utakutana na loki ambazo hazikufukiwa. Milango ya mwaloni imekwisha. Mti huo hudumu miaka mingi ukiwa umelowa daima, lakini ukilowa na kukauka kwa zamu, huoza. Kuta zimebaki, na mizizi ya miti imepenya kwenye viungo vya chokaa. Mtu mwenye nia njema akiung'oa mti mkubwa kwa nguvu anaweza kuondoka na ukuta wenyewe. Mafundi huukata, hungoja mizizi ife, ndipo wakajaza upya kwa chokaa, si kwa saruji, maana saruji ni ngumu kuliko mawe yale na huyapasua. Usishuke ndani ya chumba kilichoachwa. Kuta zake zimesimama wima bila pa kushika, na majani yanayoelea huficha tope lenye kina.

Tangu miaka ya 1970 kuna watu wa kujitolea wanaoufufua mfereji huu, leo chini ya Cotswold Canals Trust, na karibu na Stroud loki kadhaa zina milango mipya na maji. Huko chini mito ni jirani. Kileleni ni habari nyingine: handaki limeporomoka kwa ndani, na nyufa za mawe ya chokaa ziko palepale. Lakini hesabu ya leo si ile ya 1789. Kwenye mfereji wa Kennet na Avon, mlima wa Caen Hill una loki 29 na mpando wa mita 72, karibu sawa na ule wa Stroud hadi Daneway. Tangu 1996 pampu za umeme chini ya mlima huo huweza kurudisha juu lita milioni 32 kwa siku, kiasi cha kujaza loki moja kila baada ya dakika 11 hivi. Kwa Daneway kufukua maegesho ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuziba kilele, kisha kupata wa kulipa bili ya pampu mwaka hadi mwaka.