Je, janga likiingia upasuaji wa tumbo husimama?

Kwenye baraza za Ngamiani, Tanga, wengi huamini kuwa likiingia janga kama Uviko-19, hospitali hufunga upasuaji wote wa tumbo, hivyo mwenye ngiri (utumbo uliochomoza kupitia ukuta wa tumbo) atulie nyumbani. Imani hii ina chanzo: mwaka 2020 nchi nyingi ziliahirisha upasuaji wa kupangiwa tarehe. Wa dharura uliendelea.

Ngiri ya kawaida, ukilala chali, mara nyingi hurudi ndani. Iliyonasa huwa ngumu, huuma, hairudi. Mgonjwa hutapika, hata ushuzi (mniwie radhi wazee) hautoki. Hapo tunahesabu saa, si wiki. Kidole tumbo kikivimba nacho hakingoji.

Damu chooni si bawasiri kila mara. Yaweza kuwa saratani ya utumbo mpana. Ukiahirishiwa upasuaji, muulize daktari: dalili gani inirudishe mapema?