Kushtuka si kuogopa

Juzi tena mtayarishaji wa filamu ninayoihariri kakaa nyuma yangu kwenye chumba cha uhariri, katazama onyesho la korido, kisha akasema: "Hapa haitishi. Kata haraka haraka, halafu bandika mlio." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara yananiuma.

Mlio wa ghafla humshtua yeyote. Hata mlango ukibamizwa na upepo, wewe utaruka. Kuogopa ni jambo jingine, na hujengwa kwenye shoti, yaani kipande cha picha kisichokatwa, inayotangulia mkato, pale picha inaporuka kwenda nyingine.

Tuichukue korido yenyewe. Dada anafungua mlango, anachungulia gizani, anageuka, anatoka kwenye picha. Kitendo kimekwisha, kwa hiyo mkono unataka kukata papo hapo. Mimi niliuacha mlango peke yake kwa fremu 40, yaani picha moja moja zinazounda filamu. Kwa fremu 25 kwa sekunde, hiyo ni sekunde 1.6. Hakuna kinachosogea. Lakini mtazamaji anaanza kulipekua giza mwenyewe: mbona bado naonyeshwa huu mlango? Hofu inaingia hapo, na ameileta yeye. Ukimkatia shoti mfululizo, macho yake yanahangaika kutafuta nani yuko wapi, na mtu aliyepotea haogopi, anachoka tu.

Wanaobisha huniletea mfano wa basi linalotokea ghafla katika Cat People, filamu ya kutisha ya 1942 iliyohaririwa na Mark Robson. Mfano mzuri sana, ila wanaukumbuka nusu. Wanakumbuka breki zinavyofoka. Wanasahau matembezi yaliyotangulia: usiku, hakuna muziki, nyayo za wanawake wawili, kisha za mmoja zinanyamaza. Basi limekuta mtazamaji ameshabana pumzi.

Sauti ni vivyo hivyo. Kabla ya kuongeza kitu, punguza.

Lakini kwa nini fremu 40, si 34? Hapo sina kanuni, na simwamini anayedai anayo. Nikishaitazama shoti mara mia, hainitishi tena hata kidogo, na uamuzi wangu haufai. Ndiyo maana huita mtu asiyejua hadithi, nikamtazama yeye badala ya skrini. Jana fundi wa sauti aliiona kwa mara ya kwanza. Mlango ulipobaki peke yake, alisogea mbele, akatulia, kisha akaegemea kiti chake kabla ya mkato kufika.

Nimepunguza fremu sita. Mlio sijaubandika.